Maziwa ya Chumba Cheusi

Jumatatu, 10 Machi

Daftari la kumbukumbu za kamati haliruhusu hasira. Kwa hiyo leo nimenunua daftari la pili, ambalo ni hili, na hasira yangu itakaa humu.

Jana Bwana Farid Nasir alifika nyumbani kwangu hapa Kitale, akakaa katika kiti changu kabla ya kukaribishwa, akaniomba niwe katibu wa kamati ya usalama na afya katika kiwanda chake. Kiwanda hicho hutengeneza mikeka ya mpira ambayo wafugaji wa Endebess huitandika mazizini ili ng'ombe wasilale kwenye saruji baridi. Wafanyakazi wamefika ishirini na watatu. Sheria inasema kwamba wakifika ishirini, lazima kamati iwepo.

"Wewe Mwalimu Hiram unaandika vizuri," alisema. "Inspekta akikuja, apate tu vitu ziko sawa kwa faili."

"Akija," nilisema.

"Eeh, akikuja."

Nimekubali. Mke wangu, Wacera, ameniuliza kama ninajua kwamba nimeajiriwa kupamba faili. Nimemjibu kwamba kazi ni ya anayeifanya, si ya anayeitoa. Amecheka, akaendelea kuchambua maharagwe yake.

Jumatano, 12 Machi

Nimeingia katika chumba cha kuchanganyia. Wenyewe hukiita Chumba Cheusi, na hawajatia chumvi. Mpira mbichi hupitishwa kati ya roli mbili nzito za chuma, na juu yake humwagwa unga mweusi kutoka mifuko ya kilo ishirini na tano. Mfuko umeandikwa jina la unga huo, kaboni nyeusi. Wafanyakazi huuita masizi, na hawako mbali na ukweli, kwa kuwa hutokana na mafuta yanayochomwa kwa hewa pungufu. Bila unga huu mpira ungekuwa dhaifu kama kifutio cha mtoto wa shule, na mkeka usingestahimili kwato hata mwezi mmoja. Nimejifunza leo kwamba unga huohuo umo katika magurudumu ya gari, katika tangi la maji lililo juu ya paa langu, katika soli za viatu vyangu na katika wino wa gazeti ambalo nimelisoma maisha yangu yote. Sina ugomvi na unga. Ugomvi wangu ni na jinsi unavyopumuliwa.

Watu wawili hufanya kazi humo. Kemboi humwaga unga. Amejifunga usoni kitambaa cha klabu fulani ya mpira wa miguu. Shamira hukata mpira kwa kisu na kuugeuza juu ya roli, naye amejiziba pua kwa ncha ya mtandio wake. Shamira nilimfundisha darasa la nane. Alikuwa mwanafunzi pekee wa mwaka wake aliyejua kumaliza insha bila kuniambia kwamba aliamka na kumbe yote yalikuwa ndoto.

Zamu ilipokwisha, walichukua mpira wa upepo wa kompresa wakapulizana nguo, huyu akimpuliza huyu, na wingu jeusi likajaa chumba upya. Kisha wafanyakazi wote wakapanga foleni kwenye dirisha la bohari, karibu na lango, na kila mmoja akapewa pakiti ya maziwa ya nusu lita.

"Ya nini?" niliuliza.

"Ya kuosha kifua, Mwalimu," alisema Kemboi, akaiweka mfukoni.

Ijumaa, 14 Machi

Karatasi ya maelezo ya usalama iliyokuja na mifuko nimeipata chini ya mguu wa meza ya ofisi. Imekuwa ikiizuia meza isiyumbe. Kurasa nane.

Inasema: hewa ya chumba isizidi miligramu tatu na nusu za unga katika mita moja ya ujazo, kwa siku ya kazi ya saa nane. Unga usifagiliwe ukiwa mkavu. Nguo zisipulizwe kwa kompresa. Kuwe na feni ya kufyonza vumbi pale linapotoka. Mfanyakazi avae barakoa yenye chujio na kamba mbili, aoge na kubadili nguo kabla ya kwenda nyumbani. Wataalamu wanaushuku unga huu, ukivutwa kwa miaka mingi, kuwa huenda ukaleta saratani. Hawajathibitisha, ila hawajauondolea shaka.

Nimeisoma mara mbili nikitafuta maziwa. Hayamo.

Jumatano, 19 Machi

Mvua ya kwanza. Nimemwandikia Bwana Farid kuhusu barakoa. Amesema zimeagizwa.

Jumatatu, 24 Machi

Mkutano wa kwanza wa kamati. Walihudhuria watu watano, mmoja akiwa amelala. Niliwasomea karatasi yote, nikiieleza kwa Kiswahili. Mwishoni nikaingiza katika kumbukumbu sentensi ambayo, nakiri, niliipenda: "Maziwa hupita katika umio na kwenda tumboni, ilhali hewa huenda mapafuni kwa njia yake yenyewe, kwa hiyo maziwa hayaoshi mapafu."

Wafanyakazi walitazamana. Bwana Farid aliigonga meza.

"Babangu alifanya hii kazi ya masizi miaka arobaini pale Bungoma, akikwarua magurudumu ya lori na kuvisha mpira mpya. Kila jioni alikunywa maziwa. Alikufa na miaka themanini. Sasa wewe Mwalimu unasema nini?"

"Ninasema kilichoandikwa."

"Kimeandikwa na nani? Alimjua babangu?"

Nimeandika: "Mwajiri alitoa mfano wa kifamilia." Kijana huyu ana kichwa cha chuma. Ametoa maziwa kwa kuwa maziwa ni nafuu kuliko feni, na sasa anamtumia marehemu kama shahidi.

Shamira amefunga saumu. Alikohoa mara nne wakati wa mkutano. Nilihesabu.

Jumanne, 1 Aprili

Jana ilikuwa Idd. Shamira alituletea pilau. Kabla ya kubisha hodi alisimama kwanza barazani akakohoa huku ameupa mlango mgongo, ili tusisikie. Tulisikia.

"Hicho kikohozi ni cha tangu lini?" nilimwuliza.

"Ni vumbi ya barabara tu, Mwalimu."

Barabara imelowa siku kumi na tatu.

Jumatatu, 7 Aprili

Tumepanda mahindi. Barakoa hazijafika.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Barakoa hazijafika.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua tangu Pasaka. Bwana Farid anasema barakoa ziko njiani. Nimemwuliza ni njia gani. Amesema ati mimi nina haraka kama mtu anayezeeka. Nimemwandikia barua afisa wa serikali wa usalama kazini.

Ijumaa, 2 Mei

Afisa amekuja. Anaitwa Bi Chemutai, na umri wake hauzidi miaka thelathini. Alikuja na viatu vya mpira vyenye matope hadi magotini, akakataa chai, akasoma kumbukumbu zangu zote kuanzia ukurasa wa kwanza. Kisha akafunga kifaa kidogo cha kuvuta hewa kwenye ukosi wa Kemboi, akamwambia afanye kazi kama kawaida hadi jioni.

"Nisipige chafya?" Kemboi aliuliza.

"Piga. Tunataka hewa vile iko."

"Basi leo niko na mdudu ya serikali kwa shingo. Shamira, usiniguse, utakamatwa."

Bwana Farid alinipita mara tatu bila kunitazama.

Alhamisi, 15 Mei

Majibu: miligramu kumi na moja. Ni zaidi ya mara tatu ya kiwango.

Bi Chemutai ameagiza barakoa ndani ya siku kumi na nne, feni ndani ya miezi miwili, bafu, marufuku ya kupuliza nguo, na uchunguzi wa hospitali kwa wafanyakazi wa chumba hicho. Nimebandika agizo ukutani kwa gundi, si kwa pini, ili lisitumike kushikilia mlango.

Nimetembea hadi nyumbani mvuani kama kijana. Wacera ameniuliza kama nimekunywa.

Ijumaa, 16 Mei

Barakoa zimefika. Kumbe njia ile ilikuwa ya siku moja.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeandika kanuni tatu, nikazisoma mbele ya wote. Ya kwanza, nguo hazipulizwi. Ya pili, hakuna kula wala kunywa katika Chumba Cheusi. Ya tatu, kila anayeingia humo avae barakoa, bila kujali cheo.

Kemboi ameivaa yake kwenye paji la uso. Nyingine niliiona kwa macho yangu mwenyewe mjini, usoni pa mwendesha boda boda. Ilinibidi niishushe yangu mara kadhaa humo chumbani ili nisikike nilipokuwa nikiwaonyesha jinsi ya kukaza kamba. Shamira peke yake aliivaa ipasavyo. Nilifurahi. Nilidhani kazi ngumu imekwisha.

Alhamisi, 22 Mei

Nimekuwa mjinga, na nimekuwa mjinga kwa maandishi.

Saa kumi na moja jioni nilifika langoni kuhakikisha kwamba barakoa zinarudishwa. Wafanyakazi walikuwa wamepanga foleni kama kawaida kwenye dirisha la bohari. Dirisha lilikuwa limefungwa, na juu yake palikuwa na karatasi:

"Kulingana na kumbukumbu za kamati za tarehe 24 Machi, maziwa hayaoshi mapafu. Kwa hiyo maziwa yamesimamishwa kuanzia leo. Asanteni. Mwenye kiwanda."

Maneno ya mwisho ya sentensi yangu. Hakubadilisha hata herufi.

Kemboi aligeuka. "Mwalimu, umetufanyia nini?"

"Nimesema lililo kweli. Maziwa yale hayakuwa yakiwasaidia vifua."

"Kwani nani alikwambia sisi hunywa?"

Foleni nzima ilicheka, na kicheko hicho hakikuwa na furaha.

"Wewe mwenyewe uliniambia kwamba ni ya kuosha kifua," nilisema.

"Si hiyo ndiyo Farid anapenda kusikia! Mimi tangu niandikwe hapa sijawahi onja hiyo maziwa. Yangu ni ya mtoto. Ya huyu ni ya mtoto. Ya huyu hapa inaenda kwa chai ya mama yake. Ati kifua! Kifua gani, bana?"

Mtu mmoja nyuma alisema, "Prifekti," na wengine wakarudia. Nimeitwa mabaya zaidi ya hayo na watoto wa darasa la sita, lakini wao sikuwa nimewanyima chakula.

Shamira hakucheka. Alisubiri wengine watawanyike mvuani, kisha akanijia.

"Mwalimu, mimi niko na watatu. Hiyo pakiti moja, naongeza maji kidogo, inatosha uji ya asubuhi. Mwaka wa nne sasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulituambia kwa darasa, mtu aulize kwanza ndiyo ajibu. Sasa wewe uliuliza nani?"

Aliondoka. Nimeketi hapa nikitazama kumbukumbu za tarehe ishirini na nne. Sentensi ni sahihi. Hakuna kosa ndani yake hata moja.

Ijumaa, 23 Mei

Hakuna aliyenisalimu. Barakoa zote mbili za Chumba Cheusi zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari, nao wamerudia vitambaa vyao. Nilipowauliza, Kemboi alisema, "Leo tunaosha kifua na hewa."

Jumamosi, 24 Mei

Nimepalilia mahindi. Wacera alikuwa mstari wa pili. Alifika mwisho wa shamba, akaegemea jembe.

"Baba Kagwe, hata mimi ningekwambia. Mama gani anakunywa maziwa na watoto hawajakunywa?"

"Basi mbona hukusema?"

"Ulikuwa unasoma karatasi."

Alhamisi, 29 Mei

Mvua. Nimemwomba Bwana Farid ayarudishe maziwa. Amesema yeye hufuata kumbukumbu.

Jumanne, 3 Juni

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa nne asubuhi nilikuwa mlangoni mwa Chumba Cheusi. Shamira alikuwa kwenye roli, amejiziba pua kwa mtandio badala ya barakoa. Kikohozi kikamshika, si kile cha kawaida, bali cha kumkunja mtu katikati. Aliinama mbele. Ncha ya mtandio ikashikwa kati ya roli, na roli haziangalii zinachovuta.

Kemboi aliurukia waya wa dharura ulio juu ya mashine akauvuta kwa mikono miwili. Roli zikasimama. Kati ya kidevu cha Shamira na chuma palikuwa na nafasi ya kiganja changu. Ninajua, kwa sababu nilipitisha kiganja hicho hapo nikimfungua fundo.

Alikaa chini sakafuni. Hakulia. Alikohoa mpaka alipoweza kusema, na alichosema ni hiki:

"Usiandike, Mwalimu."

"Shamira, sheria inataka kila ajali iandikwe."

"Si ajali. Sijaumia. Ukiandika, watanipima. Wakinipima watapata hii kitu kwa kifua, na Farid atanitoa. Ulitoa maziwa. Sasa unataka kutoa kazi?"

Kemboi alikuwa bado ameshika waya. "Mwalimu," alisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "kwa leo tu, wacha kalamu."

Barakoa ya Shamira ilikuwa kwenye msumari, safi, inaning'inia kwa kamba zake mbili. Asingekuwa na mtandio usoni kama asingekuwa na hasira, na asingekuwa na hasira kama mimi nisingeipenda sentensi yangu.

Daftari la kamati nimelifungua nikaandika tarehe. Chini ya tarehe hapana kitu. Katika miaka yote ya kazi sijawahi kuacha ukurasa namna hiyo. Nimempa Shamira ahadi kwamba sitaandika lolote hadi nionane na Bwana Farid ana kwa ana, na kwamba nitakapoandika, jina lake halitamwondoa kazini. Sijui nimeahidi kwa uwezo gani.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwenda Bungoma. Bwana Farid amekuwa huko tangu Idd ya kuchinja. Katika duka lake la huko sikumkuta. Nilielekezwa nyumbani kwa mama yake, nyuma ya msikiti, nyumba ya zamani yenye baraza la saruji nyekundu lililosuguliwa hadi likang'aa.

Mama Khairunisa ana miaka sabini na tisa. Alinikaribisha kabla sijajieleza, akanipa chai, akaendelea kumenya karanga.

"Kwa hivyo ni wewe Mwalimu wa maziwa," alisema. "Farid amenung'unika hapa siku tatu. Ati umemtukana babake."

"Sikumtukana, mama. Niliandika kwamba maziwa hayaoshi mapafu."

"Ni kweli. Haioshi."

Nilikiweka kikombe chini.

"Bwana yangu Nasir hata hakupenda maziwa," aliendelea. "Nilikuwa namlazimisha, sababu sikutaka masizi kwa nyumba yangu. Niko na watoto ndani, niko na shuka nyeupe. Sasa jioni nasimama hapo mlangoni, hapo nyuma yako, na kitambaa nyeupe. Namwambia, 'Penga.' Anapenga kamasi. Ikitoka nyeusi, rudi bafu, oga, uoshe pua. Ikitoka safi, ndiyo anaingia na anapewa glasi yake. Hiyo maziwa ilikuwa zawadi ya kuoga. Kama mtoto."

"Na kifua chake?"

Mikono yake ilisimama juu ya karanga. "Kitambaa inasafisha pua, Mwalimu. Ile ilikuwa imeingia, ilikuwa imeingia. Alikohoa miaka kumi na moja ya mwisho. Farid alikuwa shule ya bweni, halafu Mombasa. Watoto hukumbuka glasi. Kikohozi, ni mke hukumbuka."

Ndipo Bwana Farid alipoingia. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani.

"Farid," mama yake alisema, "umewanyima watu maziwa?"

"Mama, ni huyu aliandika ati haisaidii! Na wewe uliniambia inaosha kifua."

"Nilikuambia ukiwa na miaka sita! Ningekuambia nini? Kwamba babako anapimwa kamasi kama ng'ombe wa maonyesho?"

Alikaa. Alikaa kwenye ngazi, si kwenye kiti, na viatu vyake vinavyong'aa. Nilimwona kwa mara ya kwanza bila faili kati yetu. Nilikuwa nimeandika humu kwamba alitoa maziwa kwa sababu ni nafuu. Nilikosea. Aliyatoa kwa sababu ndiyo dawa pekee aliyomwona baba yake akipewa, na mimi nikaiita mfano wa kifamilia.

Nikamweleza kuhusu mtandio na roli. Nilimweleza yote, na jina la Shamira, kwa kuwa bila jina lisingemgusa. Mama Khairunisa alifunika mdomo.

"Atakohoa miaka kumi na moja huyo naye?" Farid aliuliza, bila kumwuliza mtu.

"Akitoka vumbini sasa, labda la."

"Andika, Mwalimu. Andika anapimwa, na anahamishwa, na mshahara ni ule ule. Nitatia sahihi."

Nililitoa daftari la kamati mfukoni. Ukurasa wa tarehe tatu ulikuwa bado unangoja.

Jumatano, 11 Juni

Bafu limekamilika, na dirisha la bohari limefunguliwa. Kwa pendekezo la Mama Khairunisa, kanuni ya nne: maziwa hutolewa langoni, kwa aliyeoga, aliyebadili nguo, na ambaye akipenga katika tishu nyeupe haitoki nyeusi. Pua nyeusi ni ushahidi kwamba barakoa haikuvaliwa.

Kemboi aliposikia alishika kichwa. "Mwalimu, sasa umesomea mpaka kamasi?"

Lakini barakoa zimetoka kwenye msumari. Nilijaribu kuwatisha kwa saratani wasinisikie, na sasa wanazikaza kamba kwa ajili ya nusu lita ya maziwa. Sielewi watu. Ninaelewa tu kwamba wana watoto.

Ijumaa, 20 Juni

Majibu ya hospitali. Kemboi ni mzima. Shamira alipuliza katika mashine mara tatu, na pumzi yake imepungua kwa robo. Daktari amesema huenda iliyopotea ikarudi kidogo, huenda isirudi, lakini asiingie tena katika vumbi.

Nilimsomea karatasi yenyewe, kwa sababu aliniomba nisome mimi.

"Robo," alisema. "Kama pakiti mbili ya maziwa, wanachukua nusu ya moja."

"Ndiyo."

"Basi nimebaki na moja na nusu. Nimewahi kuishi na kidogo kuliko hiyo."

Nilijifanya ninatafuta miwani. Ilikuwa usoni.

Kuanzia Jumatatu yeye ndiye msimamizi wa bohari: barakoa, nguo, maziwa, tishu. Mshahara ni uleule, na sahihi ya Bwana Farid ipo.

Ijumaa, 27 Juni

Feni imefungwa. Inavuma kama jeti, na Kemboi analalamika kwamba haimruhusu kuimba. Kwa mara ya kwanza nimeiona rangi ya ukuta wa Chumba Cheusi. Ni kijani.

Jumatatu, 30 Juni

Mvua. Hakuna jambo.

Ijumaa, 4 Julai

Mahindi yametoa mbelewele. Mvua imepungua.

Jioni nilikuwa nikipita langoni na daftari langu, foleni ikiwa imepangwa, Shamira akiwa dirishani na bunda la tishu. Kemboi alikuwa wa kwanza. Alipenga kwa kelele nyingi, akaionyesha tishu kwa watu wote kama kadi ya mwamuzi. Nyeupe. Akapewa pakiti yake.

"Mwalimu, usipite," Shamira aliita. "Uko kwa orodha."

"Orodha gani?"

"Ya maziwa. Tulikaa jana tukakubaliana. Wote. Hata huyu Kemboi."

"Mimi nilikataa," alisema Kemboi. "Wakanishinda kwa kura."

Sitaandika nilivyojisikia. Nilisimama katika foleni, mtu wa mwisho, nikiwa nimeshika kofia mkononi, na nilipofika dirishani nilinyoosha mkono. Shamira alinipa tishu.

"Hapana, Shamira. Mimi ni katibu."

"Wewe huingia Chumba Cheusi kila siku. Kanuni ya tatu, uliandika wewe: kila anayeingia, bila kujali cheo."

Foleni ilikuwa imekwisha kuhudumiwa, lakini hakuna aliyekwenda nyumbani. Nilipenga.

Nilitazama. Shamira alitazama. Kemboi alinyoosha shingo juu ya bega langu, akapiga ukelele ambao nadhani ulisikika hadi Endebess.

"Nyeusi tititi!"

Walicheka hadi wengine wakashika ukuta. Nilieleza kwamba mimi barakoa huivaa, isipokuwa huishusha kidogo ninapowaelekeza, kwa sababu feni ina kelele, na nisipoishusha sisikiki.

"Basi usisikike," alisema Shamira.

Alirudisha pakiti yangu ndani, taratibu, akafunga dirisha. Alikohoa mara moja tu, nyuma ya mbao.

Nimeingiza katika kumbukumbu za kamati, kwa mwandiko wangu bora: "Hiram Ngige, katibu. Alipimwa. Hakupewa."